Mkwe Asiyejificha

Siku ya gulio Tukuyu mvua ilikuwa imekatika tu, na mji mzima ukamiminika sokoni kwa pamoja. Godwin alikuwa anazunguka tangu asubuhi na swali moja, jim ya mazoezi iko wapi, na kila aliyemuuliza alimcheka.

"Jim? Nenda kalime Kawetele, kifua kitakuja chenyewe," mwuza viazi alimwambia.

Wengine walimwelekeza kwa vijana wa Makandana wanaonyanyua vyuma uani. Alikwenda, akakuta mabonge ya saruji na vifua wazi, akageuza. Klabu ya mbio ya Jumapili nayo ilikuwa ya mbio kweli, kupanda na kushuka milima. Sasa alisimama mbele ya mafungu ya ndizi, shati lake la ofisini limelowa mabegani.

"Kaka, unanunua au umekuja kuzitolea macho?"

Aligeuka. Alikuwa msichana mrefu aliyevaa traksuti ya bluu. Alikuwa amefunga kitenge kiunoni ili watu wasimkodolee, na bado walikuwa wanamkodolea.

"Natafuta jim."

"Ya kuongeza kifua au ya kupunguza kitambi? Maana naona vyote vinahitajika."

"Si yangu, ni ya baba. Alipata kiharusi, mguu wa kushoto umegoma. Hospitali wamesema asipofanya mazoezi kila siku, hatatembea tena."

Utani ukamwisha msichana usoni. "Mlete kesho Ibighi, palipokuwa na mashine ya kusaga. Uliza jim ya Lusungu."

"Lusungu mwenyewe nitamkuta?"

"Unaongea naye. Sogea basi, hilo fungu nimeshalilipia."

Mzee Andongwisye, baba yake Godwin, siku ya kwanza alinuna. Hakutaka kushikwa mguu na binti mwenye suruali, tena aliyekuja juzi tu kutoka Njombe. Lusungu hakumbembeleza. Alimpa kamba aishike, akamwambia anyanyue, na aliposema hawezi alimwambia sawa, tutakaa hapa hadi uweze. Kabla msimu wa mvua haujaisha mzee alikuwa anazunguka chumba kizima kwa fimbo, akimwita "mwalimu" na kumletea parachichi.

Na Godwin? Aliendelea kumsindikiza baba hata pale baba alipoweza kuja mwenyewe. Jioni ilikuwa simu.

"Mpenzi, umekula?"

"Nimekula. Wewe umekimbia leo?"

"Nimekimbia."

"Kutoka wapi hadi wapi?"

"Kutoka mezani hadi kitandani."

"Godwin! Mimi siolewi na kitambi."

"Kumbe unaolewa?"

Godwin alimwomba uchumba siku hiyohiyo. Mshenga akaenda Njombe, akapokelewa vizuri, na Lusungu akaimba wiki nzima huku akihesabia watu mazoezi.

Wiki hiyohiyo Mzee Andongwisye akaacha kuja.

Lusungu alidhani ni mafua. Kisha akamwona kwa macho yake kwenye barabara ya Makandana, fimbo mkononi.

"Baba! Shikamoo! Umemtoroka mwalimu wako?"

Mzee alimwona. Akashusha kofia usoni, akageuka na kujitosa kwenye migomba, nusura aanguke. Wanawake waliokuwa wakichota maji walitazamana. Lusungu alisimama pale uso ukimchoma kwa aibu. Akampigia Godwin palepale.

"Baba yako kanikimbia barabarani kama kaona chui!"

Godwin alicheka. "Ah, ndivyo inavyotakiwa, mpenzi."

"Inavyotakiwa?"

"Sasa wewe ulitarajia nini?"

Lusungu alikata simu, akamfungia namba. Kumbe ndivyo! Mwanamke wa suruali anafaa kunyoosha mguu, hafai kuitwa mkwe. Alirudi jim akanyanyua saruji huku analia, na ukweli ni kwamba alilia zaidi kwa hasira kuliko kwa huzuni.

Kesho yake Godwin alifika mbio, viatu vimejaa tope.

"Lus, nimekosa nini?"

"Baba yako hanitaki, na wewe unaona ndivyo."

Godwin alizaliwa hapa, hakuwahi kuwaza kwamba kuna mtu wa kuelezwa jambo hilo. Aliketi juu ya tairi la mazoezi.

"Mungu wangu, hujui. Kwetu Wanyakyusa, mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani. Wakikutana njiani mmoja ajifiche. Hawasalimiani, hawakai chumba kimoja. Wengi siku hizi wameacha, lakini baba ni mtu wa zamani. Angekukataa, angekuja hapa kila siku. Anakukimbia kwa sababu amekukubali."

Moyo wa Lusungu ulilainika. Kisha ukawaka upya, kwa sababu nyingine kabisa.

"Na mguu?"

"Tutamtafutia jim nyingine."

"Ipi, Godwin? Si wewe uliyezunguka mji mzima?"

Godwin alianza kukung'uta tope viatuni.

"Nimemwona anavyotembea. Ameanza kuuburuta tena. Nakupenda, lakini heshima ya kumlemaza mtu siitaki. Mrudishe mshenga. Mpaka baba atembee bila fimbo, mimi si mkwe wake, ni mwalimu wake."

"Ukoo mzima utasema."

"Useme."

"Na ikichukua miaka?"

"Nitazeeka. Utanisubiri au hunisubiri?"

Godwin alimtazama, jasho na machozi na kiburi chote kile, akajua hataki mwingine. "Nakusubiri. Na nyumbani nitawaambia mwenyewe, leo."

Akawaambia. Shangazi Prisca, dada wa mzee, alipiga kelele hadi majirani wakatoka nje.

Asubuhi iliyofuata, ukungu ukiwa bado umetanda Ibighi, kina mama walikuwa wanaruka kamba mle jim. Mara kamba zikasimama. Mzee Andongwisye alikuwa mlangoni, Godwin kando yake, Shangazi Prisca nyuma amejiziba mdomo kwa khanga. Lusungu, ambaye sasa alikuwa anajua, alivuta kitenge ajifunike uso.

"Acha hicho kitenge," mzee alisema. "Tayari nina wakwe wawili. Wananikimbia, nami nawakimbia, na heshima hiyo siidharau. Lakini wewe umekataa mume kwa ajili ya mguu wangu. Niambie, mtu wa namna hiyo nimkimbie niende wapi? Mshenga harudishwi. Harusi ipo, na mazoezi yapo."

"Kaka! Mbele za watu?" Prisca alimaka. "Ni aibu!"

"Mwenye aibu ageuke yeye. Mimi nikigeuka naanguka."

Kina mama waliangua kicheko. Lusungu aliachia kitenge.

"Ndaga fijo, baba," alishukuru, kwa Kinyakyusa kile kidogo alichofundishwa na mzee mwenyewe. Akajifuta uso. "Haya, vua koti. Umetoroka vya kutosha, leo hakuna kuoneana huruma."

Mzee akamkabidhi Prisca fimbo, naye akaipokea huku ametazama ukutani. Kisha, mbele ya wote, akaweka mkono begani kwa mkwe wake, akanyanyua mguu.