Sauti Chini ya Jukwaa

Haya yalimkuta shoga yangu wakati wa vita. Watu walijaza ukumbi kila alasiri kutazama mchezo wa kale, wasahau mabomu. Yeye alikaa chini ya jukwaa, gizani, akiwanong'onezea waigizaji waliosahau maneno. Mumewe alikuwa vitani. Kazi hiyo ndiyo iliyolisha wanawe.

"Wee bibi, jana umeninong'onezea upuuzi!" akafoka mwigizaji aliyecheza mfalme. "Rudia uone kama kazi unayo!"

"Mie? Jana nililala nyumbani na homa!"

Akashuku kuna mtu anamchimba. Alasiri ile akashuka kimyakimya, akakaa, akazima tochi amvizie. Huko juu mfalme akakwama. Shoga akajiziba kinywa kwa viganja viwili. Sauti yake mwenyewe ikanong'ona sikioni pake, na mfalme akayadaka maneno. Akawasha tochi: kiti kimoja tu, na amekikalia yeye.