Kikohozi cha Fuso

Wanaume wengine hupiga honi wakifika nyumbani. Mwishehe wa Mbagala hakuhitaji. Fuso lake lilikohoa tangu konani, na mkewe Zubeda akilisikia tu, anabandika maji ya kuoga.

Kisha Mwishehe akapata kimada, Mauwa, mtaa wa nyuma. Angepitaje na kikohozi kile? Akalipeleka gari kwa Venance, fundi wa kuchomelea, ambadilishie ekzosi, linong'one. Zubeda akaambiwa eti matrafiki wamekuwa wakali. Akaamini, maskini wa Mungu.

Magharibi inaingia, fundi akauliza bomba la zamani aliweke wapi. Mwishehe akalisukumia kichakani kwa teke.

"Anayeitaka sauti hii aichukue," akasema, akacheka.

Venance, mtu wa bara, naye akacheka. Lakini Mwishehe alikuwa Mzaramo. Bibi yake alimkanya tangu mdogo asigawe kitu saa hiyo bila kumtaja wa kukipokea.

Kesho yake jua likizama, Fuso likakohoa konani. Zubeda akabandika maji, akafungua geti. Barabara ilikuwa tupu, ila harufu ya dizeli ilimpita begani.

"Karibu, baba Zuena," akasema kwa mazoea.

Ikawa ndiyo desturi: jioni kikohozi kinakuja, maji yanapungua bafuni pasipo mtu, kitanda kinabonyea upande wa Mwishehe, na pumzi yenye joto la chuma inamsogelea shingoni, inamuuliza habari za mchana kwa sauti ya mumewe, mumewe ambaye hakuwa ameuliza hayo tangu mwaka jana, hata hofu ya Zubeda ikachoka, naye akaanza kujibu.

Huko kwa Mauwa, Mwishehe naye sauti ilikuwa ikimkauka. Alidhani mafua. Jioni aliyokumbuka kurudi mapema, gari lilisimama getini bila kusikika.

"Fungua, mama Zuena," akanong'ona. "Ni mie."

"Mume wangu nimeshamsikia akiingia."

"Huyo siye. Huyo ni jini."

"Najua," Zubeda akasema taratibu, kwa uchungu. "Jana nimeliona gari lako kwa Mauwa, limenyamaza kama mwizi. Huyu walau anarudi nyumbani."

Mwishehe akataka kuapa. Koo halikutoa kitu. Ndani, mtu akakohoa, akauliza kwa sauti ya Mwishehe mwenyewe:

"Nani huyo, mama Zuena?"

"Mpita njia," Zubeda akajibu, akaenda kubandika maji.