Harufu ya Mti wa Konani

Harufu ilianzia kwenye kola ya shati la mume: tamu, nzito, kama asali iliyochacha. Mke wa seremala aliinusa kabla ya kufua, akainusa tena, akanuna. Yeye hakuwa na manukato ya namna ile. Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda, naye alikuwa ameshaanza kukonda.

Mumewe alikuwa kipofu. Macho yalimwacha ukubwani, lakini kila mti aliujua kwa pua, na mkewe alimjua hivyo hivyo.

“Hata ukinyamaza,” mzee alizoea kumtania, “sabuni na jasho lako vinakutaja.”

Kila jioni mzee alishika fimbo akaenda msituni. Safari hii mke aling'ang'ania kufuatana naye.

“Nifundishe miti,” alisema. Uongo mtupu. Alitaka kumfumania huyo mwanamke mwenye manukato.

“Fumba macho, mke wangu. Kwangua gome kwa ukucha, unuse.”

Mwarobaini ulimchoma kooni. Mkaratusi ulimzibua kifua, akacheka, akakaribia kusahau kilichomleta. Penye kona palikuwa na mti laini, mweupe. Mzee aliongeza mwendo.

“Na huu?”

“Usiuguse,” alinong'ona. “Una jini. Nilipumzika hapo siku moja, tangu hapo ananifuata. Namwambia nina mke, hasikii. Ana wivu.”

Ana wivu! Na mwenye mume je?

Kesho yake, mchana kweupe, alirudi peke yake na kisu cha jikoni.

“Mwache mume wangu!”

Alipochanja gome, harufu ile ile ya kola ikalipuka, utomvu ukamrukia usoni, kifuani, kwenye nywele, ndege wakanyamaza wote, na nyuma yake mtu akacheka kicheko anachokijua, maana kilikuwa chake mwenyewe, akakimbia hadi mtoni akajisugua mpaka ngozi ikawaka, na harufu haikutoka, na alipofungua kinywa aite watu ulitoka mchakacho wa majani tu.

Alifika nyumbani akihema. Mzee alikuwa mlangoni. Alinusa, akarudi nyuma.

“Wewe tena! Nimekwambia nina mke. Nampenda. Ondoka!”

Mke alimshika mkono. Mzee aliuchomoa kwa kinyaa.

Ndani kulinukia sabuni na jasho.

“Unaongea na nani, mume wangu?” iliuliza kutoka jikoni sauti ile ile iliyompotea mke kinywani.

Mlango ulifungwa, komeo likaanguka.

“Usiogope, mke wangu,” alimsikia mzee akisema. “Hataingia humu.”