Miche Ishirini ya Parachichi

Kwii, kwii, kwii. Bupe alizinduka gizani. Mlio huo aliujua tangu utoto: roda ya kisima alichochimba marehemu baba yake, ikipandisha ndoo. Lakini jogoo alikuwa hajawika. Maji ya nini saa hizi?

Akachungulia dirishani. Mama alikuwa anamwagilia miche ishirini ya parachichi iliyopandwa juzi tu kati ya migomba, kwa ushauri wa mjomba Jailos. Barabara kuu pale mtaani kwao, Iyunga, ilikuwa inapanuliwa, na nyumba na shamba lao vilishawekewa alama nyekundu. Leo mthamini angekuja kuorodhesha mali, ili serikali iwalipe fidia wahame.

"Ukiulizwa, sema tumeipanda mwaka jana," mama alimwambia wakati wa chai. "Fidia ikiwa ndogo, tutanunua kiwanja wapi, mwanangu?"

Bupe alikirudisha kiporo chake cha ndizi kwenye sahani.

Saa nne mthamini akafika, dada mmoja aitwaye Matilda, buti zake zimejaa tope. Mjomba Jailos alimpokea kwa bashasha. "Karibu, mheshimiwa! Tuanze na bustani ya parachichi."

Matilda alichuchumaa, akaufukua mche mmoja kwa vidole. Udongo wa shinani bado ulikuwa wa mviringo, umbo la kiriba, mfuko wa kitaluni, ulimotolewa. "Una muda gani huu?"

"Mwaka," mjomba akajibu haraka.

"Mwaka mzima, na haujatoa hata jani jipya? Labda unaona haya." Mjomba akacheka peke yake. Matilda akamgeukia Bupe. "Mdogo wangu, mliupanda lini?"

Bupe alimtazama mama. Na kama kiwanja kitakosekana kwa sababu yangu?

"Juzi, dada," alisema kwa sauti ndogo kama ya mbu. "Baada ya tangazo la barabara."

Mjomba akasonya. Mama akashika kichwa.

Matilda alilikata neno *parachichi* alilokuwa ameliandika kwenye fomu. "Heri umesema mapema. Ingegundulika baadaye, fomu yenu ingewekwa kando ihakikiwe upya, majirani wanalipwa, ninyi mnasubiri. Haya mama, nionyeshe vya kweli."

Mama alibabaika. Siku tatu hizo alikuwa amewaza parachichi tu. Bupe akamshika mkono, akatangulia. Alionyesha mibuni sitini na miwili, ambayo kila msimu huichuma yeye mwenyewe, kisha migomba, banda la kuku, na jiko la matofali nyuma ya nyumba. Kila walichotaja kiliandikwa.

"Mibuni iliyokomaa namna hii ina thamani zaidi kuliko hiyo miche yenu," Matilda alisema. "Soma vizuri, ukiridhika utie sahihi."

Mama alisoma polepole, na mabega yake yakashuka. "Ndaga, mwanangu," alimshukuru Bupe kwa Kinyakyusa. "Nilihangaika kupachika cha uongo, nikasahau kutaja cha kweli. Mtu akitaka haki yake, aitaje kama ilivyo, asiongeze wala asipunguze."

Akaishika kalamu. Huko nyuma ya migomba, jirani aliyekuja kuchota maji alivuta kamba. Kwii, kwii.

Bupe aliruka, na safari hii sauti yake ilisikika hadi barabarani:

"Mama, bado hatujaandika kisima cha baba!"