Kunde Zilizong'aa

Siku ile mjinga alikuwa Fundi Soli, na mwenyewe hakatai. Mtu anayejua ubovu wa kiatu kwa kusikia tu mlio wa hatua alisimama nyuma ya nyumba yake, akatazama mimea mgonjwa, akashangilia.

"Mama, njoo uone! Kunde za marehemu zinang'aa kama zimepakwa mafuta!"

Mama mkwe wake alikuwa ameketi mlangoni. Hakuinuka. Tangu wamzike binti yake alikuwa mtu wa maneno machache, na mengi ya hayo alimwambia paka. Kando ya kizingiti zilikuwa ndala za marehemu. Mkanda mmoja ulikuwa umekatika. Soli aliushona, kisha akazirudisha palepale. Kuzitoa hapo ndiko kulikomshinda.

Mkewe alipanda kunde zile kabla tu ya kuugua. Alipanda mbegu zote za kopo, mbegu alizozichagua kwa mkono wake kila mavuno. Sasa kopo lilikuwa tupu juu ya rafu. Kunde zisipozaa, na mbegu zake zimekwenda.

Kwa hiyo Soli aliona mng'ao, akaona heri. Aliona sisimizi wakipanda na kushuka, akasema hao ni vibarua wa bure. Aliona pia wadudu wa duara, wekundu, wenye madoa meusi mgongoni. Hao aliwachukia kwa kuwatazama tu.

"Ninyi ndio mnaokula majani yake!"

Akawaponda kwa soli ya kiatu, mmoja mmoja, kwa hasira ya mtu aliyekosa mwingine wa kulaumu.

Haukupita muda, majani yakajikunja kama ngumi. Ncha zikawa nyeusi. Maua yakaanza kudondoka.

Kaka yake, fundi baiskeli, alikuja kutazama. "Ng'oa," alisema. "Hapa panafaa banda la kuku. Utalilia kunde mpaka lini?"

Kaka yake alipoondoka, Soli aliingia ndani, akatoka na ndoo ya maji na pakiti nzima ya sabuni ya unga. Jua lilikuwa utosini.

"Shemeji! Unataka kuzitibu au kuzifua?"

Alikuwa mdogo wa marehemu, muuza miche, amekuja kumwona mama yake.

"Kuna wadudu, shemeji."

"Wako wapi?"

"Nimewaua. Wale wekundu wenye madoa."

Shemeji akashika kichwa. "Umewaua askari, umewaacha wezi!"

Aligeuza jani moja. Chini yake walikuwa wadudu weusi, wadogo kama punje za ufuta, wamebanana hata hapaonekani kijani.

"Hawa ni vidukari. Wengine huwaita wadudu mafuta. Mdomo wao ni kama sindano. Wanachoma, wananyonya utomvu wa mmea. Na huo mng'ao uliomwitia mama…"

"Enhe?"

"Ni kinyesi chao. Kitamu, kinanata. Sisimizi wanakilamba, ndiyo maana wanawalinda vidukari kama ng'ombe wa maziwa. Wale wekundu uliowaponda, chakula chao ni vidukari hawahawa."

Soli alitazama vidole vyake vinavyonata. "Yaani nilishangilia mavi?"

"Kwa sauti kubwa. Mtaa mzima ulisikia."

Siku nyingine angecheka. Aliketi chini, kando ya ndoo. "Nimeziua mbegu za dada yako."

"Bado. Inuka." Shemeji alitazama pembeni. "Na mimi nimechelewa. Nilikuwa siwezi kuitazama bustani hii."

Walianza na mimea yenye mabaka ya njano. "Hii vidukari wameshaiambukiza ugonjwa," alisema shemeji. "Haina dawa. Ng'oa, usije ukaambukiza mingine."

Kila mmea alioung'oa, Soli aligeukia mlangoni kama anayeomba radhi. Karibu nusu ya bustani ilikwenda. Mama mkwe alitazama tu.

Ncha zilizojaa wadudu walizikata, wakazifunga ndani ya mfuko. Kwingine walirusha maji kwa nguvu chini ya majani, na vidukari wakaanguka.

"Waliobaki tutawanyunyizia maji ya sabuni," alisema shemeji. "Lakini hiyo ya unga iache kwenye nguo. Ni kali, itaunguza majani. Chukua sabuni ya maji isiyo kali, kijiko kidogo kimoja kwa lita moja ya maji. Jaribu mmea mmoja kwanza. Kesho ukiuona mzima, nyunyiza mingine jua likishuka. Lenga chini ya majani. Kidukari asipoguswa na maji hayo hafi."

"Nikiongeza sabuni kidogo je?"

"Shemeji!"

"Nimeuliza tu."

"Na ukimwona mwekundu mwenye madoa?"

"Nampa shikamoo."

"Mpe na watoto wake. Ni weusi, warefu, kama mamba wadogo. Walipo wao, usinyunyize."

Tangu hapo Soli akawa mtu wa kugeuza majani. Kila asubuhi, kabla ya kushika kiatu cha mtu, alipita bustanini. Vidukari huzaana upesi, kwa hiyo kila alipowaona tena, alinyunyiza tena. Polepole majani mapya yakanyooka. Wekundu wakarudi. Sisimizi walipokosa cha kulamba, wakahama.

Maganda yalikuwa machache. Yalipokauka, Soli aliyapura. Mbegu hazikufika nusu ya kopo.

Kaka yake alimkuta nazo mlangoni, karibu na zile ndala. Akachungulia ndani ya kopo.

"Tabu yote ile kwa hizi? Sokoni kunde zimejaa magunia! Banda la kuku lingekuwa limekwisha."

Mama mkwe alinyoosha mkono. Alilichukua kopo, akalifunika, akaliweka mapajani.

"Hizo za magunia," aliuliza, "ni ipi aliyoichagua mwanangu?"