Kibodi ya Rafuni

Rafiki yangu Zlatina ana karakana ya kompyuta kwenye chumba cha chini ya ardhi, hapa Plovdiv. Alasiri moja jirani yake Nevena alimletea kompyuta ya marehemu mumewe. Umeme ulikatika wakati programu ya msingi ikisasishwa, mashine ikafa na sauti zote za mume alizokuwa amezirekodi.

“Mafundi wote wameniambia niitupe, mwanangu.”

“Waache watupe zao, mama. Mimi sishindwi na chuma.”

Zlatina aling'oa kibodi ya mashine ile, akaiweka rafuni nyuma yake, akabana waya kwenye chipu inayohifadhi programu hiyo na kuanza kuiandika programu upya kutoka kompyuta yake mwenyewe. Katikati ya kazi umeme ukakatika, taa zikazimika; kompyuta yake ikaendelea kwa betri. Kuacha hapo kungeiua chipu kabisa.

Ndipo waliposikia vitufe vikibonyezwa gizani, taratibu, nyuma ya mgongo wa Zlatina.

“Zlatina, tutoke,” Nevena alinong'ona.

“Sitoki. Karakana ni yangu.” Kisha akasema kwa sauti, bila kugeuka: “Na wewe bonyeza utakavyo, mimi namaliza kazi.”

Akamaliza. Akaiunga mashine kwenye betri ya akiba, ikawaka, marehemu akasikika akicheka, na Nevena akalia kwa furaha.

Taa ziliporudi, waligeuka wote wawili. Kule rafuni, kibodi isiyounganishwa na chochote ilikuwa bado inabonyea, kitufe kimoja baada ya kingine.