Mfalme na Malkia Niliowasugua kwa Ndimu

Nina miaka thelathini na sita, ni Mkongomani, nasuka nywele saluni hapa Point, Durban. Wasomaji wenzangu, mwaka 2012 mume wangu alinifanya mjinga mchana kweupe... nami nikamkomesha!

Kabla ya saluni nilimtunza mzee mmoja mgonjwa aliyekusanya sarafu za kale. Alipokaribia kufa alinipa moja, ya shaba, ya Warumi, yenye mfalme na mkewe wakitazamana uso kwa uso. Ilikuwa imeota ukijani. Mzee akanionya: ukijani huo ndio thamani yake, ukiusugua hakuna atakayeinunua. Nikaificha kwenye unga wa fufu. Hiyo ndiyo ilikuwa ada ya shule ya binti yangu, Neema.

Baba Neema nilimwonyesha. Si mume wangu? Ningemfichaje?

Siku moja akaja saluni dada mmoja wa Isipingo, anataka rasta za sherehe. Jumamosi mdogo wake anatolewa mahari, dot kama tunavyoita sisi. Akanionyesha picha ya bwana harusi kwenye simu... Mungu wangu! Baba Neema, kavaa shati nililolipiga pasi mimi! Na dada anajisifu: "Shemeji yetu iko na sarafu ya wafalme, maman! Mjomba wetu aliiona kwenye picha, akapata mnunuzi. Ndiyo dot yenyewe!"

Nilimaliza kusuka, nikamwuliza sherehe ni nyumba gani.

Jioni mume akaniambia kwa sauti ya asali: "Mama Neema, ile sarafu iko chafu. Isafishe ing'ae, nataka nionyeshe rafiki."

Jamani! Mke gani hamtii mumewe? Ningeweza kuihamisha tu, nikaificha kwingine, lakini hasira ilishanipanda kichwani. Nikachukua ndimu, chumvi na waya wa kusugulia sufuria. Pua ya mfalme ikaondoka. Malkia akabaki shavu. Nilijua naiua ada ya mwanangu... na bado nikasugua! Alipoiona inang'aa, akanibusu kwenye paji la uso. Nyoka yule!

Jumamosi nikapanda taxi hadi Isipingo, nikasimama mlangoni na Neema. Familia mbili zimekaa, msemaji anatangaza zawadi. Kitambaa chenye sarafu kikafunguliwa. Mjomba akaigeuza, akaigeuza tena.

"Eish! Umeiua! Hii sasa ni kifungo cha koti!"

Nikamwambia Baba Neema mbele ya wote: "Nimeisafisha kama ulivyoniomba, mume wangu."

Kumbe hawakujua ana mke! Sherehe ikavunjika papo hapo. Alirudi kwangu akipiga magoti... nikamtupia nguo zake ngazini.

Je, nilifurahi? Sana! Sitawadanganya.

Lakini Januari watoto wa jirani walipita na sare mpya, na Neema akaniuliza ataanza lini shule.

Dada zangu, msaliti mfukuzeni, mwaibisheni hata katikati ya barabara! Ila nawasihi, msimpige kwa mali ya mtoto. Yule mwanaume alipata mwingine kabla mwaka haujaisha. Aliyebaki nyumbani ni Neema.